Kabla ya GPS, nunua ramani

Mkazi wa Chang'ombe, hii ya Dodoma na siyo ile ya Temeke, hahitaji kuelezwa GPS ni mdudu gani. Kata hii ni mojawapo ya zile ambazo nyumba zilitangulia upimaji, na kwa miaka mingi kijana mwenye kifaa cha setilaiti juu ya fimbo amekuwa mgeni wa kutiliwa mashaka. Bikoni ikisimikwa hapa, choo chako kimebaki barabarani. Ikisogea pale, umepona. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyoundwa mwaka 1973 na kuvunjwa Mei 2017, iliwaachia watu wa Dodoma somo la kodineti ambalo hakuna shule iliyolifundisha kwa ukali kiasi hicho.

Siku hizi kifaa cha jamii hiyo, ila kidogo cha kutosha kiganjani, kimeanza kushikwa na watu wa aina nyingine: watumishi waliohamia pamoja na wizara zao, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), vijana wa mjini wanaotoka Jumamosi alfajiri na viatu vya kupandia mlima. Wengine huishia kilima cha Mlimwa, ambako huhitaji kifaa chochote zaidi ya macho. Wengine huenda mbali: vilima vya Chenene upande wa kaskazini, Kiboriani juu ya Mpwapwa, safu ya Rubeho, vilima vya Irangi huko Kondoa, na wenye siku za kutosha huufuata mlima Hanang, mita zaidi ya 3,400, mkoani Manyara. Swali lao ni moja: tununue GPS gani? Jibu langu huwa haliwafurahishi, kwa sababu siwatajii kifaa. Nawaambia watafute ramani kwanza, kisha ramani hiyo ndiyo iwachagulie kifaa.

Sababu yake utaiona dukani. Washa GPS mpya ya mkononi ambayo ndugu amekuletea kutoka Ulaya, kisha sogeza kioo hadi Dodoma. Utaona jina la jiji, barabara kuu ya Morogoro, ile ya Singida, pengine reli, na baada ya hapo weupe mtupu hadi Iringa. Vifaa vinavyouzwa Ulaya vinakuja na ramani za kina za Ulaya; huku kwetu vinabaki na ramani ya dunia nzima yenye mistari michache. Kifaa kitakwambia kwa uhakika wa mita tatu au tano kwamba umesimama mahali fulani. Mahali hapo ni bonde, ni jabali au ni shamba la mtu, hakijui.

Anayejua ni karatasi. Tanzania ina ramani za topografia za skeli ya 1:50,000, zinazojulikana kwa wataalamu kama mfululizo wa Y742. Sentimita mbili juu ya karatasi ni kilomita moja ardhini. Kila karatasi inafunika robo ya nyuzi, yaani dakika 15 kwa dakika 15, ambazo kwa latitudo yetu ni mraba wa kilomita zipatazo 27 na nusu kila upande. Humo mna kontua, mara nyingi za kila mita 20, mna mito, njia za miguu, visima, makanisa, misitu ya hifadhi na majina ya vilima ambayo huyapati kwenye simu yoyote. Zinatolewa na idara ya upimaji na ramani ya Wizara ya Ardhi, na kwa kuwa makao ya serikali sasa yako hapa, mtu wa Dodoma hana tena kisingizio cha kusema ofisi iko Dar es Salaam.

Ukienda kuulizia, usiseme unataka ramani ya Dodoma. Sema namba. Nchi imegawanywa katika miraba ya nusu nyuzi, kila mmoja una namba yake, na kila mraba umekatwa vipande vinne: cha 1 kaskazini magharibi, cha 2 kaskazini mashariki, cha 3 kusini magharibi, cha 4 kusini mashariki. Dodoma ni 162. Hapo ndipo bahati mbaya ya kijiografia inapoingia, kwa sababu longitudo ya 35°45′ inayotenganisha 162/1 na 162/2 inapita karibu kabisa na katikati ya jiji. Ukinunua karatasi moja umenunua nusu ya mji. Mpwapwa nayo imekaa pembeni kabisa mwa 163, ukingoni mwa 164, kwa hiyo anayetaka kupanda Kiboriani anunue karatasi za pande zote mbili, azikunje na kuzigundisha nyumbani mezani, si kwenye upepo wa mlimani.

Karatasi hizi zina ukoo wake, na ukoo huo una faida kwa mtembezi. Mwaka 1879 Sir David Gill, mwanafalaki aliyekuwa Cape, alipendekeza dunia ipimwe kwa mlolongo wa pembetatu kufuata longitudo ya 30 mashariki, kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri. Kazi ilichukua miongo. Kipande cha Tanganyika, upande wa magharibi mwa nchi, kilipimwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kikosi cha Martin Hotine, ofisa wa jeshi la Uingereza, watu wakipanda kilele hadi kilele na vyombo vizito vya kupimia pembe. Hotine huyohuyo mwaka 1946 akawa mkurugenzi wa kwanza wa idara ya Uingereza ya kupima makoloni, ile iliyokuja kuchora sehemu kubwa ya ramani zetu za 1:50,000 kutokana na picha za ndege. Kutoka kwenye tao lile la longitudo ya 30 ukapatikana msingi wa upimaji unaoitwa Arc 1960, na ndio ulioandikwa kwa herufi ndogo pembeni mwa karatasi yako.

Herufi hizo ndogo watu hawazisomi, na ndizo zinazowapoteza. GPS ikitoka kiwandani inatumia msingi mwingine, WGS84, ambao ni wa setilaiti. Misingi hii miwili haikubaliani juu ya mahali dunia ilipo. Kwa eneo la Dodoma, namba zilezile za kodineti zikisomwa kwa msingi wa pili zinaangukia mita zipatazo 300 mbali, karibu zote upande wa kaskazini na kusini. Juu ya karatasi ni milimita sita, upana wa penseli. Porini ni habari nyingine. Soma kodineti za kilele kwenye karatasi ya Arc 1960, ziingize kwenye kifaa kilichoachwa kwenye WGS84, nacho kitakuongoza kwa uaminifu mkubwa hadi mita 300 kaskazini ya kilele, pengine upande wa pili wa korongo, huku kikikupongeza kwamba umefika.

Dawa yake ni ya dakika moja. Fungua mipangilio ya kifaa, tafuta aina ya kodineti, chagua UTM. Kisha tafuta msingi wa ramani, chagua Arc 1960. Vifaa vya Garmin vinao kwenye orodha yake, na vingi vya kampuni nyingine pia. Ndiyo maana nasema ramani ndiyo inayochagua kifaa: kama GPS unayoonyeshwa dukani haina Arc 1960 na haikuruhusu kuingiza msingi wako mwenyewe, irudishe kabatini hata kama kioo chake kinang'aa. Ukishabadilisha, jaribu kabla ya safari. Simama mahali panapoonekana wazi kwenye karatasi, njia panda au daraja la reli ya zamani, linganisha namba. Zikipishana kwa mita kumi, sawa. Zikipishana kwa mia tatu, hujabadilisha kitu.

Kuna mtego wa pili, nao ni wa Dodoma hasa. Mfumo wa UTM unaigawa dunia katika kanda za nyuzi sita, na mpaka wa kanda ya 36 na ya 37 ni longitudo ya 36 mashariki, ambayo iko kilomita kama 29 mashariki ya katikati ya jiji, maeneo ya Chamwino. Anayetoka Chang'ombe kwenda Kongwa au Mpwapwa anauvuka mpaka huo ndani ya basi bila kujua. Ghafla namba ya mashariki iliyokuwa ikipanda taratibu hadi karibu 832000 inadondoka hadi 168000, na mbele ya namba 36M inageuka 37M. Kifaa hakijaharibika. Karatasi za 162 zimechorwa kwa kanda ya 36, za 163 kwa kanda ya 37, na mpaka wa karatasi ndio mpaka wa kanda. Tatizo linakuja pale mtu anapomtumia mwenzake kodineti kwa ujumbe wa simu bila kutaja kanda. Mwenzake akizisoma kwa kanda isiyo yake anatupwa mamia ya kilomita kutoka mlimani, na kwa bahati nzuri kosa la namna hiyo linajitangaza lenyewe. Lile la mita 300 ndilo la hatari, kwa sababu linafanana na ukweli.

Nimeisifu karatasi, sasa niiseme. Nyingi zimechorwa kutokana na picha za ndege za miongo mingi iliyopita, na Dodoma ya wakati huo siyo hii. Mwaka 1971 serikali iliendesha Operesheni Dodoma, ikiwatoa Wagogo kwenye makazi yao yaliyotawanyika na kuwakusanya katika vijiji vya ujamaa, miaka miwili mitatu kabla operesheni ya vijiji haijaenea nchi nzima. Kwa hiyo karatasi iliyotokana na picha za kabla ya hapo inaweza kukuonyesha alama za nyumba na njia za miguu mahali ambapo leo pana miiba na mibuyu tu, huku kijiji chenye shule na zahanati kikiwa hakimo kabisa. Bwawa la Mtera, lililojazwa mnamo mwaka 1980, nalo linategemea umri wa karatasi: linaweza kuwa ziwa au likawa bonde la mto Ruaha Mkuu. Mji wa serikali wa Mtumba, barabara za mzunguko na reli ya kisasa, ambayo treni zake zilianza kufika Dodoma mwaka 2024, usivitafute. Tazama kwanza mwaka wa picha, ambao huandikwa chini ya karatasi, siyo mwaka wa kuchapwa. Karatasi inaweza kuchapwa upya ikiwa na nchi ya zamani ndani yake.

Lakini vitu vinavyomwua mtu porini havihami. Kilima hakikuhamishwa na operesheni yoyote, na kontua za mwaka huo ni kontua za leo, isipokuwa pale ardhi yenyewe ilipovunjika, kama Hanang Desemba 2023, tope lilipoporomoka mlimani hadi Katesh na kuua watu. Anayepanda upande huo leo asiamini mkondo wowote uliochorwa kabla ya hapo.

Maji ndiyo yanayohitaji kusomwa kwa akili zaidi. Msomaji wa pwani akiona mstari wa buluu huhesabu mto. Huku kwetu mstari wa buluu uliokatikakatika ni mto wa mchanga: kuanzia Desemba hadi Aprili unaweza kubeba ng'ombe, na kuanzia Juni unavukwa kwa kandambili. Wenyeji huchimba mchangani wakapata maji, lakini wanajua wapi na kina gani, wewe hujui. Misafara ya karne ya 19 ililijua hili. Kati ya Chunyo na Ugogo palikuwa na nyika iliyoitwa Marenga Mkali, ambayo wapagazi waliivuka kwa mwendo wa kukaza bila maji ya kutegemea. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, wote wakaiandika kwa chuki. Nyika hiyo bado ipo njiani kati ya Dodoma na Mpwapwa. Mtembezi anayepanga maji yake kwa kuhesabu mistari ya buluu anapanga kiu.

Sasa tugeukie ramani za kwenye kioo, maana hakuna kijana atakayekubali kubeba karatasi peke yake. Ile ya bure na ya kuheshimika ni OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuichora. Tanzania imebahatika kuliko majirani wengi kwa hilo: mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria uliochora mitaa ya Dar es Salaam ili kukabili mafuriko, na mwaka huohuo ukaanza Crowd2Map, wa kuchora vijiji ambavyo havikuwa kwenye ramani yoyote, ukianzia kanda ya Ziwa ambako wasichana waliokimbia ukeketaji walihitaji kutafutwa na kuokolewa. Kwa nyumba, shule na njia za bodaboda, OpenStreetMap mara nyingi inaishinda karatasi kwa miaka arobaini. Inapatikana kwenye simu kupitia programu kama OsmAnd na Organic Maps, na mradi wa OpenTopoMap unaigeuza kuwa ramani ya kontua inayoingia kwenye GPS za Garmin bila malipo. Wanaosafiri kwa gari wanaipenda pia Tracks4Africa, ya kulipia, iliyojengwa kwa nyayo za wasafiri wenyewe. Kwa mwenda kwa miguu ina njia nyingi za magari na milima michache.

Udhaifu wa ramani hizi uko kwenye milima hasa. Kontua zake hazikupimwa na mtu. Zinatokana na rada ya chombo cha anga Endeavour, ambacho Februari 2000 kilizunguka dunia kwa siku kumi na moja kikipima mwinuko, na takwimu zake bora ni za vipande vya mita 30 kwa 30. Kwa mlima kama Hanang hilo linatosha. Kwa majabali ya Ugogo halitoshi hata kidogo. Jabali la granaiti lenye ukuta wa mita 15 wima linaingia katika vipande viwili vitatu vya rada, linalainishwa, na kwenye kioo chako linatokea kama mteremko wa kupandisha mbuzi. Karatasi nayo, kwa kontua za mita 20, inaweza kulimeza jabali hilo kati ya mistari miwili, ingawa mchoraji aliyekuwa na picha ya ndege mbele yake mara nyingi aliongeza alama ya mwamba. Mimi nikiwa na ramani mbili zinazopingana juu ya jabali, naamini ile inayosema kuna ukuta.

Basi kifaa chenyewe. Kwanza lile linaloulizwa kila mara: simu haitoshi? Kwa Mlimwa na kwa nusu siku popote penye watu, inatosha. GPS ya simu haihitaji mtandao wala vocha. Setilaiti hazijui kama una salio. Mtandao huisaidia tu kuanza haraka. Pakua ramani nyumbani, zima data, itafanya kazi Chenene kama inavyofanya kazi sokoni Majengo. Taabu ni kioo kisichosomeka juani saa sita mchana, vidole vyenye jasho ambavyo kioo kinavikataa, na betri ileile unayoitegemea kupiga simu ya kuomba msaada. GPS ya mkononi ina kioo kinachosomeka vizuri zaidi kadiri jua linavyokuwa kali, ina vitufe, na ikianguka juu ya jiwe hukupa nafasi ya pili.

Katika hizo za mkononi, mjadala mkubwa ni betri. Zipo zenye betri ya ndani ya kuchaji, kama Garmin GPSMAP 67, ambayo kiwanda kinasema inafika saa 180. Zipo zinazotumia betri mbili ndogo za AA, zile za rimoti: eTrex 22x na 32x, saa 25 kwa maelezo ya kiwanda, na eTrex SE, saa 168, ila hii ya mwisho haina ramani ya kina ndani yake. Kwa Ulaya ningesema chukua ya ndani. Kwa uwanda wa kati nasema AA, kwa sababu moja: hakuna duka la kijiji lisilo na betri za tochi na za redio. Ila kuna tahadhari. Betri za bei ya chini kabisa zinazouzwa humo ni za zinki, na GPS huzimaliza kabla hujala chakula cha mchana. Nunua za alkalini mjini au beba za kuchaji, na za kijijini ziwe za dharura. Kifaa pia kina mahali pa kukiambia aina ya betri uliyoweka. Ukikidanganya, nacho kitakudanganya kuhusu chaji iliyobaki.

Tofauti kati ya 22x na 32x ni dira ya ndani na barometa. Dira ya ndani inakuonyesha uelekeo ukiwa umesimama. Kifaa kisichokuwa nayo kinahitaji utembee hatua kadhaa ndipo kijue unatazama wapi. Ni raha, si lazima, mradi una dira ya kawaida mfukoni. Na hiyo ya kawaida uinunue kwa makini: sumaku ya dunia huku kwetu inavuta ncha ya kusini ya sindano kuelekea chini, na dira zilizosawazishwa kwa ajili ya Ulaya hukwamia kwenye kioo chake. Chagua iliyoandikwa kwamba ni ya dunia nzima au ya kusini mwa ikweta. Tofauti ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya kweli Dodoma ni ndogo, wala usijisumbue nayo.

Barometa ina hadithi yake. Burton na Speke walijua urefu wa nchi hii juu ya usawa wa bahari kwa kuchemsha maji na kupima joto yanapochemkia, maana kadiri unavyopanda ndivyo yanavyochemka mapema. Barometa inapima kitu hichohicho, uzito wa hewa, bila kuni. Lakini ukanda wa ikweta una tabia ambayo vitabu vya Ulaya havisemi: kila siku, mvua isipokuwepo, hewa huwa nzito kuelekea saa nne asubuhi na nyepesi kuelekea saa kumi jioni, kwa kiasi ambacho barometa hukitafsiri kama mita 20 hadi 30 za mwinuko. Unaweza kukaa chini ya mbuyu mchana kutwa, nayo ikasema umepanda. Irekebishe kila unapofika mahali ambapo karatasi imeandika urefu wake, na usikosane na mwenzako kwa kontua moja.

Mambo mengine nayapita haraka. Kifaa kinachopokea setilaiti za Urusi, Ulaya na China pamoja na za Marekani ni bora kuliko cha Marekani peke yake, hasa ndani ya korongo. Kile kinachopokea masafa mawili ni bora zaidi na ni ghali zaidi. Kwa mtembezi wa kawaida hiyo ni fedha ya kutupa. Kipengele cha kusahihisha GPS cha WAAS au EGNOS kizime, huduma ya mifumo hiyo haitufikii. Vifaa vya kutuma ujumbe kupitia setilaiti, kama inReach, vinaweza kuokoa maisha ila vina ada ya kulipia huduma. Kwa kundi linalokwenda Rubeho siku nne, ichangieni. Na kwa mitumba: GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza upya, jambo lililotokea Agosti 1999 na Aprili 2019, kwa hiyo kifaa cha zamani kinaweza kukupa tarehe ya miaka ishirini nyuma huku mahali kikikupatia sawasawa. Usikikatae kwa sababu ya kalenda. Kikatae kama mpira wa vitufe umepasuka au mlango wa betri haufungi, kwa kuwa kikinyeshewa mara moja safari imeisha.

Mahali pa kujua thamani ya kifaa si mlimani kwenye mandhari, ni kwenye kichaka. Nenda magharibi hadi Manyoni, kwenye vichaka vya Itigi, ambako miti ya mita tatu hadi tano imesongamana hata mtu aliye hatua kumi mbele humwoni. Hapo hakuna kilima cha kulenga, na kontua ziko mbalimbali kiasi kwamba karatasi haina la kusema. Washa kifaa kirekodi njia tangu unaposhuka garini, weka alama ya gari, na kurudi ufuate mstari wako mwenyewe. Kazi hiyo moja, kurudisha mtu alikotoka, inafanywa sawasawa na kifaa cha bei ya chini kuliko vyote dukani.

Limebaki la watu. Nchi yenye madini na migogoro ya ardhi haimpokei vizuri mgeni anayeinua kifaa, anakitazama, anaandika namba kwenye daftari. Watadhani unatafuta dhahabu, au unapima mashamba yao kwa ajili ya mwekezaji, na kwa historia waliyo nayo siwalaumu. Watu wa Chang'ombe wangefikiri vivyo hivyo. Pitia ofisi ya mtendaji wa kijiji, jitambulishe, mwonyeshe karatasi, mwulize njia. Msitu wa hifadhi una utaratibu wake kwa wakala wa misitu, TFS, na pori la akiba kama Swagaswaga lina kibali chake kwa mamlaka ya wanyamapori, TAWA. Hukuti mlango wa nyuma porini. Kisha fanya nakala ya karatasi yako, chora kwa kalamu unakopita na unakolala, andika siku ya kurudi na namba za simu za wenzako, umwachie mtendaji, na nakala nyingine uiache nyumbani. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Atakayetumwa kukutafuta hatakuwa na GPS yako; atakuwa na hiyo karatasi, basi hakikisha umeandika juu yake kama namba zako ni za Arc 1960 au za WGS84.